Kavumu: Ngozi ya mama yetu haikuwa na kosa

Tulifika Kavumu mwezi wa sita, kiangazi ikianza, wakati vumbi ya barabara kubwa inakalia majani ya migomba mupaka yanakuwa rangi ya majivu. Safari ilikuwa ya mambo ya nyumbani. Mutoto wa dada yetu alikuwa amekwisha kutolewa mahari, harusi iliwekwa mwezi wa munane, na sisi, mama yake mudogo, tulikuwa na kazi yetu katika maandalizi. Jioni dada akatutuma kuchota maharagi kwenye gunia. Mukono ukaingia, ukakutana na chupa.

Ilikuwa chupa ndogo ya plastiki, bila karatasi ya kuonyesha jina, kifuniko chake kimefungwa na kipande cha mufuko. Ndani, mafuta mazito ya rangi ya waridi. Tulifungua kidogo tu. Harufu tuliijua mara moja, kama mutu anavyojua sauti ya yule aliyemudai pesa zamani.

Musichana alikuwa amesimama kwenye mulango. Hakukana.

« Mama mudogo, usiambie mama. Iko ya harusi tu. Tukimaliza harusi, nitaacha. »

Hatukumujibu, kwa sababu maneno yale yalikuwa yetu. Sisi pia tuliyasema Bukavu, mwaka 2006, tukiwa kwenye masomo: ni ya sikukuu tu, kisha tutaacha. Tulipaka miaka mitano.

Wageni wanaijua Kavumu juu ya uwanja wa ndege, na juu ya barabara ya kuendea Goma. Wenyeji wanaijua juu ya soko, juu ya maharagi na makabichi, juu ya baridi inayoshuka toka Kahuzi saa za asubuhi. Kati ya vile vinavyouzishwa pale sokoni, mukorogo una fasi yake. Hauko kwa kificho. Chupa zinapangwa juu ya meza, karibu na sabuni, chanuo na nywele za kusuka, na mama muuzaji anazieleza kama vile anavyoeleza mbegu.

« Hii inafanyaka kazi siku saba, » alituambia mumoja, tulipojifanya wanunuzi. « Ile ingine inafanya siku tatu, lakini inachomaka kidogo. Weye utaweza ya siku saba. »

Tulimuuliza imetengenezwa na nini. Alicheka. Kila muuzaji ana namna yake ya kukoroga, na siri hiyo ndiyo mutaji wake. Anachukua krimu moja ya tube, anatia katika losheni ya kawaida, anaongeza ingine, mara nyingine anaongeza dawa ya meno ama tone la Javel, anatikisa. Ndiyo maana chupa haina karatasi. Muganga akija kutafuta siku moja kilichokuunguza, hatakiona kimeandikwa popote.

Lakini hatukuandika makala haya juu ya yule mama. Ana watoto wa kulipia masomo kama wengine, na yeye mwenyewe vidole vyake vilikuwa vimeungua: kwenye maungio ya vidole, weusi wa makala, katikati, wekundu. Alama hiyo haifichiki. Uso unaweza kubadilika, shingo inaweza kubadilika, lakini maungio ya vidole, masikio na visigino vinakataa. Vijana wetu wana muzaha wao wa tangu zamani: uso Fanta, miguu Coca. Watu wanacheka. Na wale wanaocheka ndio wale wale wanaotafuta kuoa « brune ».

Sisi tulipokuwa shuleni walituita Makala. Hatukujua kama ni tusi mupaka tulipofika miaka kumi na miwili. Nyumbani neno hilo lilikuwa na heshima: makala ndiyo yanapika chakula. Lakini kwenye karamu moja ya familia, mutu mukubwa, mwenye kuheshimiwa, alikuwa anachagua wasichana wa kupeleka zawadi mbele ya wageni. Akasema: « Ile nyeusi ikae nyuma. » Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mutu anayepanga viti. Tukakaa nyuma. Tangu siku ile tukaanza kujiangalia kwenye kioo kwa jicho la yule muzee.

Ndiyo jambo ambalo watu wengi hawaelewi wakisema wasichana wanajichubua juu ya ujinga ama juu ya tamaa. Hakuna mutu aliyezaliwa akichukia ngozi yake. Mutu anafundishwa, na mara nyingi anafundishwa na wale wanaomupenda: shangazi anayemusifu mutoto muchanga kwa sababu « ametoka mweupe », mama anayefunika mutoto kichwa asije akawa mweusi kwa jua, mupiga picha wa harusi anayeuliza kwa adabu kama aongeze mwangaza kidogo. Na simu sasa. Siku hizi simu nyingine inakubadilisha bila hata kukuomba ruhusa: unapiga picha, ngozi inatoka laini na nyeupe, pua imepunguzwa, na wewe unabaki unaangalia mutu asiyekuwepo na kusema, kumbe ninaweza kuwa hivi. Mutoto wa dada yetu alituonyesha picha zake. Kati ya ishirini, hatukuona hata moja yenye uso aliozaliwa nao.

Gazeti nalo tusilisahau. Miaka mingi, ilipotupasa kuchagua picha ya musichana wa kuweka kwenye habari ya sikukuu ama ya maonyesho ya mavazi, mukono wetu ulikuwa unaenda kwa yule mwenye rangi ya kungaa. Hakuna aliyetuamuru. Tuliona tu kwamba « picha inatoka vizuri ».

Tulipokuwa tunafikiri hivyo, bibi wa ile nyumba, ambaye amepita miaka themanini, alitoka kuota jua. Akamutazama mujukuu wake, aliyekuwa amepaka majuma matatu, mashavu yakiwa yameanza kuwa mekundu na kutoka maganda kando ya pua. Akamuita karibu, akamushika kidevu, akamugeuza huku na huku. Kisha akamuuliza dada yetu:

« Huyu mutoto anakulaka nini? Bwaki imerudia mu nyumba? »

Hakuna aliyecheka. Kwa vijana wa mujini tunapashwa kueleza. Bwaki ndiyo ugonjwa ambao waganga wanaita kwashiorkor, ugonjwa wa mutoto anayekula bugari bila maharagi, bila samaki, bila maziwa. Miguu inavimba. Nywele zinaacha weusi wao, zinakuwa nyekundu-nyekundu na kukatika. Ngozi inapauka na kutoka maganda. Hapa Bushi kila mama aliijua kwa macho. Na waganga waliokuja kuichunguza hawakwenda mbali: Lwiro iko karibu tu na Kavumu, na majumba yale makubwa ya utafiti yaliyojengwa na IRSAC, shirika lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, yalipokea watoto wa vijiji vyetu, yakawapima uzito, yakawapima damu, yakaandika juu yao vitabu. Bukavu hata kulizaliwa chama kilichojiita Comité Anti-Bwaki. Jina la ugonjwa lilikuwa jina la adui.

Kwa bibi, basi, ngozi nyeusi yenye kungaa mafuta ilikuwa habari njema. Ilisema: hapa wanakula. Uzuri aliofundishwa yeye ulikuwa wa mwili wenye nguvu, wenye kubeba, mashavu yamejaa, ngozi kama mbegu ya parachichi. Ngozi ya kupauka, nywele za rangi ya udongo, hizo zilikuwa alama za kuitia muganga. Na leo mujukuu analipa pesa apate ile rangi. Tulifikiri jambo hilo usiku muzima. Mizani ya uzuri haikushuka toka mbinguni. Imegeuzwa mbele ya macho ya mutu mumoja ambaye bado anaishi na anaota jua kwenye uwanja wa nyumba yake.

Nani aliigeuza? Jibu moja halitoshi. Wakoloni walipanga watu kwa rangi. Kule ng'ambo ya Ruzizi walipima hata pua. Kazi ya mezani na nguo safi zilikwenda na weupe, jembe likabaki na weusi. Kisha matangazo ya sabuni, kisha wanamuziki na wake zao, kisha video. Lakini ukoloni ulikwisha mwaka 1960, na sisi wenyewe tumeendesha ile mashini bila kusukumwa. Mwaka 1976 Fela Kuti wa Nigeria alitoa wimbo wake « Yellow Fever », akiwakemea watu wa kwao waliokuwa wanajichubua. Miaka yote hiyo imepita, na biashara imepanda tu.

Sasa tuseme kilicho ndani ya chupa, kwa sababu hapo hatutaki kucheza.

Rangi ya ngozi yetu inatengenezwa na kitu kinachoitwa melanini. Kazi yake ni kama paa ya nyumba: inazuia miali mikali ya jua isiharibu chembe za ndani. Sisi tunaishi karibu sana na ikweta, na juu ya milima, fasi ambapo jua linapiga kwa nguvu hata kukiwa na baridi. Hidrokinoni, dawa inayojulikana kuliko zote katika mukorogo, inazuia mwili kutengeneza melanini. Namna watu walivyogundua dawa za aina hiyo inafaa kujulikana: mwaka 1939 waganga wa Marekani waliandika juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama, wengi wao Weusi, ambao mikono yao ilikuwa inageuka myeupe kwa mabaka. Sababu ilikuwa glavu za mupira walizovaa. Ndani ya mupira mulitiwa dawa ya kuufanya usizeeke haraka, ndugu wa hidrokinoni. Kwa hiyo ilianza kama ajali ya kazini. Wafanyakazi wale walihesabiwa kuwa wameumia.

Afrika ya Kusini iliona matunda mapema. Mwaka 1975 waganga wa kule walieleza ugonjwa waliouona kwa wanamuke waliopaka krimu za hidrokinoni muda murefu: uso, badala ya kuwa mweupe, ulikuwa unatoka mabaka ya bluu na weusi, magumu, kama masizi yaliyoingia chini ya ngozi, hasa kwenye mashavu na kuzunguka macho. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi, na kuuondoa ni vigumu sana. Mwaka 1990 serikali ya kule ikakataza hidrokinoni katika vipodozi. Musichana anakimbia weusi, mwisho weusi unamukuta ukiwa mbaya kuliko ule aliokimbia. Anafikiri amepunguza kipimo, anaongeza.

Kitu cha pili ni zile tube ndogo za dawa, ambazo kwenye karatasi yake utasoma clobétasol ama bétaméthasone. Hizo ni dawa za kweli. Muganga anaziandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, fasi ndogo, siku chache. Mutu akizipaka mwili muzima, kila siku, mwaka baada ya mwaka, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari ya mapaja na tumbo, chunusi zinajaa, vipele vya uyoga vinaenea, ndevu zinaweza kuota kwenye kidevu cha mwanamuke. Dawa inaingia hata katika damu: inaweza kupandisha sukari na tension.

Hapo tuna ushuhuda wetu. Mwaka 2011 tulizaa mutoto wetu wa kwanza kwa upasuaji. Mutoto alitoka salama. Kidonda ndicho kilikataa kufunga. Siku ya saba kilifunguka, wakashona tena. Siku zikapita, kikafunguka tena. Muuguzi mumoja wa usiku, mama wa makamo, alikaa kando ya kitanda akatuuliza pole pole: « Mama, unapakaka? » Tukakana. Akainua mukono wetu, akaonyesha maungio ya vidole, hakusema kitu. Kisha akasema: « Ngozi yako iko sawa karatasi yenye kulowa maji. Uzi haushike. » Tulilala pale majuma sita, mutoto akinyonya kwa upande mumoja kwa sababu hatukuweza kugeuka. Alikuwa anazungumza nasi kila usiku, yule muuguzi, na hata mara moja hakututukana. Tunafikiri ndiyo sababu tuliacha.

Kitu cha tatu ni zebaki, ile ya fedha inayotembea ndani ya kipimo cha homa cha zamani. Inatiwa katika sabuni fulani na krimu fulani. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mutoto. Ulaya ilikuwa inatengeneza sabuni za namna hii kwa ajili ya kuleta Afrika, huku kwao wenyewe hawaziruhusu. Ilifika mwaka 2003 ndipo sheria yao ikakataza hata kuzitoa inje. Kuna mukataba wa dunia unaoitwa Minamata, kwa jina la muji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakapooza. Mukataba huo ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na katika mukutano wa Geneva wa mwaka 2023 nchi zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye kutiwa zebaki vikomeshwe mwaka 2025. Makubaliano ni mazuri. Soko la Kavumu haliyajui. Ukiona krimu imeandikwa kwamba usiiguze na pete ya dhahabu ama ya feza, iweke chini: hiyo ni alama ya zebaki.

Jirani zetu wa Rwanda walifunga mulango kwa nguvu. Tangu mwisho wa mwaka 2018 polisi na watu wa afya walianza kuingia madukani na kukamata krimu zilizokatazwa. Kule, muuzaji anaficha. Hapa kwetu, umbali wa daraja tu, meza iko wazi. Hatusemi polisi ndio dawa. Tumeona polisi wetu wakikamata vitu na tumeona vinakokwenda. Lakini ile chupa isiyo na jina isingekuwa rahisi namna hii kuliko paracétamol.

Na si rangi peke yake. Kuna wasichana wembamba wanaomeza vidonge vya kunenepesha, wanavyonunua moja moja bila boksi. Mara nyingi ni cyproheptadine, dawa ya mizio inayoleta usingizi na njaa, ikichanganywa na dexaméthasone, inayovimbisha mashavu. Watu wanasema, angalia, ndoa imemukubali. Uso umejaa maji. Wakati huo huo musichana mwenye mwili mukubwa anaambiwa na video apunguze tumbo. Hakuna mwili unaopita. Vijana wanaume nao wameanza, wanapaka kwa siri kuliko dada zao, na hao hakuna anayewauliza.

Turudi kwa bibi-harusi. Hatukumuambia dada yetu usiku ule. Hatujui kama tulifanya vizuri. Kesho yake tulitembea naye kwa miguu upande wa Lwiro, chini ya miti, na akatuuliza neno ambalo tulikuwa tunaliogopa:

« Weye ulipakaka juu ya nini? »

Tukamueleza yule muzee na viti vyake. Tukamueleza kidonda, tukamuonyesha. Yeye naye akaeleza. Mama mukwe wake wa kesho alikuwa amekuja kupima nguo, akasema mbele ya watu: « Bibi-harusi anapashwa kuangaza. » Ni hivyo tu. Neno moja, na kijana mumoja wa picha aliyeongeza kwamba nguo nyeupe juu ya ngozi nyeusi « inasumbua mashini ». Kwa pesa aliyopata kwa kuuzisha maharagi kando ya barabara, akanunua chupa.

Tulimupeleka kituo cha afya. Muuguzi alimuambia kwamba kwa majuma matatu anaweza kusimamisha leo leo. Kwa wale waliopaka miaka, alisema, ni ingine: mwili ukizoea zile dawa za tube, ukiacha kwa siku moja unaweza kulegea, kuzimia, na ngozi kuwaka kama imechomwa, hao wanapashwa kumuona muganga apunguze hatua kwa hatua. Krimu aliyomuandikia ilikuwa vaseline ya kawaida. Na kofia, ama mwavuli, kila akitoka juani. « Vaseline? » musichana aliuliza, kama mutu aliyedhulumiwa.

Tulimuambia pia habari za Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, anayezungumza Kiswahili kama sisi. Mwaka 2014 alipata Oscar, na mwaka ule ule alisimama mbele ya wanamuke wenzake akaeleza kwamba utotoni alikuwa anamuomba Mungu kila usiku aamuke na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba kuona Alek Wek, musichana mweusi kabisa wa Sudani ya Kusini, akisifiwa kwenye magazeti ya mitindo, ndiko kulimufungua macho. Mutoto wa dada yetu alisikiliza, kisha akasema: « Yee iko na Oscar, mama mudogo. Mi niko na mama mukwe. » Alikuwa na haki. Mufano wa mbali unapendeza, lakini haukai nawe siku ya kupima nguo.

Kwa hiyo tukaenda kwa wale wanaokaa naye. Kusimama mbele ya kioo asubuhi na kujisemea kwamba wewe ni muzuri si kitu kibaya, lakini tumeona watu wakifanya hivyo huku nyumba nzima inasema kinyume. Tulianza na dada. Alilia, akakasirika, akataka kuvunja chupa kwenye jiwe. Tukamuzuia, sababu ya kuku. Dada akaenda mwenyewe kwa mama wa kijana, na kanga, na kilo ya sambaza. Sijui walisemezana nini. Sisi tulikaa inje. Kijana mwenyewe tulimukuta kwenye garage anakofanya kazi. Hakuwa amejua. Alipangusa mikono, akakaa kimya muda murefu, jioni akaja nyumbani na kumuambia mbele yetu, bila kupamba:

« Mi nilikuwa nakuonaka ukiuzisha maharagi pale kwa barabara. Ile sura njo nilipenda. Hii ingine siijui. »

Musichana alimukasirikia. Siku mbili hakusema naye. Alitueleza baadaye kwamba maneno yale yalimuuma kuliko ya mama mukwe, kwa sababu alikuwa amejiunguza juu yake, na yeye hakuwa ameomba.

Mwezi wa munane ukafika. Maganda yalikuwa yamekwisha, lakini kwenye shavu la kushoto yalibaki mabaka mawili, moja kama sarafu, lingine dogo. Saa kumi na mbili asubuhi mupambaji alifika na kisanduku chake, akatoa poda hatua mbili juu ya rangi ya ngozi. Bibi-harusi akashika mukono wake. Akachukua ile nyeusi zaidi, akajaribisha nyuma ya mukono, akasema hii. Mupambaji akatuangalia sisi, kana kwamba sisi ndio wakubwa wa uso ule. Tukaangalia dirishani. Mama mukwe aliingia, akamutazama toka kichwa mupaka miguu, akanyoosha pazia ya kichwa upande mumoja. Alisema tu kwamba gari limefika.

Tusidanganye wasomaji: hakukaa siku nzima akiwa na amani. Mbele ya kamera alikuwa anageuza shavu la kushoto, na mara mbili tulimukuta choo akijiangalia kwa simu. Kijana wa picha aliuliza, kama kawaida, kama aongeze mwangaza. Bwana-harusi akamuambia apige tu. Baadhi ya picha zikatoka giza, ni kweli, kwa sababu hakujua kupanga taa zake kwa ngozi kama ile. Wapiga picha wetu wengi hawakufundishwa hilo, na wangeweza kujifunza. Moja ilitoka vizuri. Bibi yuko kati, mukono wake juu ya bega la mujukuu, wote wawili rangi moja.

Gazeti liliomba picha kwa makala haya. Musichana alikataa, na amefanya vizuri.

Juma lililopita alitupigia simu toka Kavumu. Lile baka dogo limefifia, lile la sarafu bado. Amerudia kuuzisha maharagi fasi ile ile, kando ya barabara, na jua ni kali. Alitaka tumuletee mwavuli toka Bukavu, ule mukubwa wa watu wawili, lakini usiwe mweupe sababu ya vumbi.